Pasi, Nyoka na Gauni la Bibi Harusi

Benchi langu lina miguu mitatu ya mbao na wa nne ni tofali, kwa hiyo ukikaa upande wa tofali usithubutu kukunja nne. Liko kwenye kona, kati ya duka la Fundi cherehani na kibanda cha Kinyozi. Niliweka benchi hilo kwa ajili ya wateja wa kahawa, si kwa ajili ya wale wanaume, ila wale wanaume ndio wateja wenyewe. Kuna Kinyozi, ambaye anaweza kumwacha mtu na povu shingoni akaja kuchangia hoja. Kuna Wakili, fundi baiskeli, tunayemwita hivyo kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi kwenye kesi ya kuku aliyepotea, na tangu siku hiyo hasemi tena "nadhani", anasema "kwa mujibu". Na kuna Nabii, fundi redio, aliyetabiri mvua ikanyesha wiki iliyofuata. Wote wanakwenda kanisani, na wanachosikia huko Jumapili wanakuja kukichambua hapa mpaka hakitambuliki. Asubuhi ile walimwita Fundi atoke dukani aje kuamua ubishi. Akaiacha pasi mezani, akasema anakuja mara moja. Kikombe cha kwanza kikaisha, cha pili kikafika nusu, ndipo tukaona moshi.

Gauni lilikuwa la harusi, na harusi ilikuwa kesho yake. Bibi harusi ni mdogo wake Fundi, tena dada pekee aliye naye. Fundi akatoka nalo amelibeba kwa mikono miwili kama mtoto mgonjwa, akaketi nalo mapajani. Tundu lilikuwa nyuma, chini kidogo ya kiuno, lina umbo la pasi kabisa, mbele limechongoka na nyuma bapa.

– Anakuja kulijaribu kabla ya adhuhuri, – Fundi akasema. – Nimwambie nini?

Hapo mtu mwenye akili zake angesema, mwambie ukweli. Benchi langu halina mtu huyo.

– Kwanza usikiri chochote, – Wakili akasema. – Turudi kwenye kesi ya kwanza kabisa duniani. Adamu amekamatwa. Tunda liko tumboni, yaani kielelezo kimeliwa. Alijitetea vipi?

– Alisema ni mke wake, – Kinyozi akajibu.

– Hukusikiliza vizuri. Alisema ni yule mwanamke uliyenipa wewe. Mnaona ufundi huo? Kwa pumzi moja kamshtaki mke na kamshtaki aliyemleta. Sasa Fundi, kitambaa alileta nani?

– Yeye mwenyewe.

– Basi tumeshinda. Mwambie, kitambaa ulichoniletea wewe ndicho kilichoungua. Angeleta turubai, leo tungekuwa hapa?

– Sasa aolewe na turubai? – nikauliza.

– Mama, mimi nazungumzia sheria, wewe unazungumzia mitindo.

Kinyozi akaweka kikombe chini.

– Huyo Adamu mwishowe si alifukuzwa? Unamwigaje mtu aliyefukuzwa? Mimi namfuata Hawa. Hawa alisema ni nyoka. Fundi naye atafute nyoka.

– Dukani kwangu hakuna nyoka, – Fundi akasema.

– Yupo. Pasi. Ina mkia mrefu unaojikunja. Ina kichwa chembamba. Ukiidondoshea maji inasema sss. Na kutwa nzima inatambaa kwa tumbo. Laana yote imo mle.

Nikamwona Fundi anageuka kuitazama pasi yake kupitia mlango wa duka, chombo kilichomlisha miaka yote hiyo, anaitazama kwa macho ya kuishuku.

– Napinga, – Wakili akasema. – Nyoka hakuhojiwa. Adamu aliulizwa, Hawa akaulizwa, nyoka akasomewa hukumu moja kwa moja. Hatuwezi kurudia kosa hilo. Pasi ina haki ya kusikilizwa.

– Isikilizwe vipi?

– Irudishwe kwenye umeme tuone itasema nini.

Muda wote huo Nabii alikuwa amefumba macho. Akifumba macho ujue ama anaona maono ama amesinzia, na huwezi kujua ni lipi mpaka akorome.

– Mnahangaika na bustani bure, – akasema. – Nendeni kwa Haruni. Watu wamemletea dhahabu yao. Ndama kamtengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na patasi kashika. Musa anashuka mlimani, anamuuliza, umefanya nini? Haruni anasema, mimi nilitupa tu dhahabu motoni, akatoka ndama huyu.

– Katoka mwenyewe?

– Mwenyewe. Na miguu minne na masikio.

– Na Musa akasema nini?

– Hakusema kitu. Mtu akikwambia neno kama hilo utaanzia wapi? Ndiyo nguvu ya utetezi ule. Fundi, sema nami. Niliweka pasi, likatoka tundu hili.

– Niliweka pasi, – Fundi akasema kwa sauti ndogo, – likatoka tundu hili.

– Kwa imani zaidi.

– Niliweka pasi, likatoka...

Akalishika lile gauni kwa nguvu mpaka nikaogopa ataongeza tundu jingine.

– Hamumjui mdogo wangu, – akasema. – Hajawahi kuvaa nguo ya fundi mwingine. Nilipokuwa najifunza kazi nilimshonea sare ya shule, mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi. Alikwenda nayo mwaka mzima, ule mfupi ameuficha nyuma ya mgongo. Wenzake wakimcheka anawaambia, kaka yangu ndiye fundi. Gauni hili nilimwambia haliguswi na mtu yeyote ila mimi. Sasa ndiyo nimeligusa hivi.

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Nikadhani na wale wengine wameguswa, maana waliinamisha vichwa. Kumbe walikuwa wanafikiri.

– Sauli, – Kinyozi akasema.

– Amefanyaje?

– Aliambiwa asibakize mnyama hata mmoja, yeye akabakiza kondoo walionona. Samweli akafika, kondoo wanalia mbele yake, meee. Sauli akasema, hawa nimewaweka kwa ajili ya sadaka. Mnaona? Kosa lile lile, kalivika kanzu. Fundi, tundu sema umelitoboa makusudi. La hewa. Bibi harusi huwa anatoka jasho.

– Hewa ya huko nyuma? – nikauliza.

– Jasho halichagui mahali, mama.

Nabii akalichukua gauni, akalinyanyua juu jua lipite kwenye tundu. Akalitazama kwa muda, midomo inamchezacheza.

– Jamani, hii si alama ya pasi. Hii ni safina. Oneni, mbele imechongoka, nyuma bapa. Na huku pembeni palipobabuka, hao ni wanyama wanapanda wawili wawili.

– Mimi naona twiga, – Kinyozi akasema.

– Ni ishara. Gauni hili halivaliwi tena. Lipelekwe kanisani likatundikwe, watu walitazame wapate kutubu.

– Na bibi harusi atavaa nini? – Fundi akauliza, akilirudisha gauni mapajani.

– Majani ya mtini. Yana historia.

Lakini Wakili alikuwa ameshasimama. Neno safina lilikuwa limemwingia kichwani, na mimi namjua, kitu kikiingia mle hakitoki bila kuvunja mlango.

– Umenena, Nabii. Hebu niambieni, Mungu alipoona uovu umezidi duniani, alifanya nini? Alishona kiraka? Hapana. Alifuta vyote. Fundi, choma duka.

– Duka langu?

– Lote. Na cherehani na vitambaa. Duka zima likiteketea, nani atauliza habari za tundu moja? Watakuja kukupa pole. Yeye mwenyewe atakulilia.

– Mungu aliapa hatarudia, – Nabii akasema. – Upinde wa mvua ndio hati yake.

– Aliapa kuhusu maji. Moto hakuutaja mahali popote kwenye ule upinde.

– Ngojeni kwanza, – Kinyozi akasema. – Ukuta wa duka lake ndio ukuta wangu.

– Siku za Nuhu pia kulikuwa na majirani, – Wakili akamjibu.

Ungedhani Fundi atacheka. Hakucheka. Nilimwona anatazama jiko langu la mkaa, anatazama duka, anarudi kwenye jiko. Nikalivuta jiko miguuni kwangu. Mtu mzima, fundi anayeaminika mtaa mzima, alikuwa tayari kuteketeza maisha yake asije akasema maneno mawili mbele ya msichana mmoja.

– Kitu kimoja sikielewi, – akasema, kama anajisemea. – Pale bustanini, Mungu si alikuwa anajua nani kala? Sasa alikuwa anauliza nini?

– Utaratibu, – Wakili akasema. – Lazima mshtakiwa aulizwe ndipo jalada lifunguliwe.

– Alikuwa anawapima masikio, – Kinyozi akasema. – Lile tunda lilikuwa na dawa kali.

– Mawasiliano yalikuwa yamekatika, – Nabii akasema. – Alikuwa anazungusha kitufe kutafuta masafa yao.

Hapo nikachoka.

– Mimi nimelea watoto wanne, – nikasema. – Naingia jikoni, namkuta mmoja ana sukari mpaka kwenye nyusi. Namuuliza, nani amekula sukari?

– Na unamwona? – Fundi akauliza.

– Namwona.

– Sasa unamuulizia nini?

– Nataka aniambie yeye.

Wakanitazama wote kana kwamba nimemwaga kahawa. Wakili akasema ushahidi wa sukari haukubaliki, kwa sababu mimi ni mama wa mshtakiwa. Alikuwa bado anaeleza kifungu alipofika yeye mwenyewe bibi harusi, kichwa amefunga kitambaa, mkononi ana viatu vyeupe ndani ya mfuko.

– Shikamoo mama. Shikamoo kaka.

Nikaitikia. Fundi alilifunika lile tundu kwa kiganja, akabaki anatazama viatu vya dada yake. Wale watatu wakasimama kwa pamoja, benchi likayumba, wakaanza kusema kila mtu lake.

– Kwa mujibu wa kitambaa ulicholeta wewe mwenyewe, bibi...

– Kabla hujatazama, hebu itazame ile pasi. Itazame mkia wake.

– Binti, umechaguliwa. Mgongoni mwako patakuwa na safina.

Msichana yule aliwasikiliza wote. Hakumkatiza mtu. Walipoishiwa pumzi akainama, akakiinua kiganja cha kaka yake taratibu, akaona. Akapitisha vidole kwenye tundu, vikatokea upande wa pili. Wale wanaume hakuwatazama hata kidogo.

– Kaka, – akasema, – ulikuwa wapi?

Basi. Watu walioweza kumtetea Haruni na ndama wake, swali hilo likawashinda. Wakili akainama kukagua tofali la benchi. Kinyozi akawa anatafuta kitu ndani ya kikombe kitupu. Nabii akafumba macho, na safari hii nilijua haoni chochote. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika birika, birika lile lile nililomjazia kikombe cha pili, nikatamani mtu alichukue.

– Nilikuwa hapa, – Fundi akasema.

Akapiga ubao wa benchi kwa kiganja.

– Hapa hapa. Waliniita, lakini waliniita kwa mdomo tu, miguu iliyotoka dukani ni yangu. Nimekaa hapa nakunywa kahawa, gauni lako linaungua. Nimekosa, mdogo wangu.

Msichana akaketi upande wa tofali, maana ndio uliokuwa jirani na kaka yake. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Nikataka kumwambia pole nikaona si zamu yangu.

– Nilipowaona wote mmesimama nikajua kuna jambo, – akasema baadaye. – Nilipoliona tundu nikawa naomba moyoni usije ukaniambia ni pasi. Tundu tutaliziba. Ungeniambia ni pasi, sijui ningekuamini tena lini.

Fundi akajifuta uso kwa ile tepu yake ya kupimia. Hakuwa na kitu kingine.

– Na mlikuwa mnazungumza nini, mpaka hata harufu hamkuisikia?

– Kitovu, – Fundi akasema.

– Kitovu cha nani?

– Cha Adamu. Kwa kuwa hakuzaliwa na mtu. Wenzangu hawa walikuwa wanabishana kama alikuwa nacho. Wakaniita niamue, kwa sababu mimi hupima watu viuno.

Bibi harusi akamtazama kaka yake. Akamtazama Wakili, akamtazama Kinyozi, akamtazama Nabii ambaye sasa alikuwa amefumbua macho.

– Ehee, – akasema. – Na alikuwa nacho?

Wakili akamtazama Nabii. Nabii akamtazama Kinyozi. Kinyozi akanitazama mimi.

– Hatukufika huko, – Fundi akasema. – Moshi ulitukatiza.

Ndipo yule msichana akacheka. Alicheka machozi yakiwa bado mashavuni, akamshika kaka yake bega ili asianguke, maana tofali nalo lilikuwa limeanza kucheza. Kisha akasimama.

– Inuka. Shela ni ndefu, tutakata lesi huko tuje kufunika hapa. Utashona nimekaa mbele yako.

Wakaingia dukani wawili, na baada ya muda tukasikia cherehani inaanza. Kinyozi akajisogeza kwenye nafasi ya Fundi, akakohoa kidogo, akasema jambo la kitovu kusema kweli lina pande mbili, na akaninyooshea kikombe. Nikamwambia kahawa imekwisha. Birika lilikuwa bado nusu.