Kibandiko Kilichobaki Buluu

Gentille hakupanda teksi-bisi ili asikilize ya watu, lakini mtu anayemsimulia jirani asiyemjua habari za nyayo zake husikilizwa na gari zima.

"Munganga wa hospitali alinibandika hii kitu chini ya muguu dakika kumi," alisema mchimba dhahabu mmoja aitwaye Lambert, akiinua kibandiko kidogo. "Muguu yenye kutoa jasho inaigeuza rozi, rangi ya waridi. Ya kwangu ilibakia buluu. Eti sukari imeanza kuua mishipa ya fahamu."

Mama Kavugho, aliyeketi karibu naye, alikunja uso. "Na sasa unaenda wapi, papa?"

"Mambasa, kwa kazi. Siye tunatafutaka muchanga ya dhahabu mu maji na nyayo, bila bote, bila kiatu. Miguu yangu njo inaonyeshaka ekipe ya wenzangu fasi ya kuchimba."

"Hiyo miguu yenye wanakuambia inakufa?"

"Miaka makumi mbili haijanidanganya."

"Vaa bote, papa! Ukikanyaga chupa, utajua na nini?"

"Nitasikia."

"Utasikia na nini?"

"Nitasikia tu, mama."

Gentille aliona kibandiko kimeshajibu, ila hakuna aliyekiuliza.

Gari likasimama parkingi. Lambert akashuka kama mtu aliyekwisha kuamua, akakatiza juu ya changarawe moja kwa moja kuelekea gari la Mambasa. Mama Kavugho alimwita mara mbili, hakugeuka.

Gentille akainama. Chini ya kiti palikuwa na sandali ya kushoto ya Lambert, kavu kabisa, bila hata unyevu wa jasho.