Sugu ya Udongo wa Jangwani

Ndugu Mgeni Rasmi, Bwana Afya, karibu kwenye matuta ya mchicha ya Bonde la Jangwani. Viatu vyako vitakaguliwa kabla hujashuka shambani. Usituone wakorofi, sababu utaisikia.

TULIKOTOKA
Wengi wetu tulitoka kusini, wengine Kilimanjaro. Tulipoambiwa siasa ni kilimo, tulishika majembe hapa hapa bondeni. Mchicha unaouzwa Kariakoo asubuhi ni jasho letu.

KILICHOTUPATA
Kuku wetu walipougua, tulifungua vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua vijidudu, na kumimina unga kwenye maji yao. Mbolea yao tukaitia matutani. Kisha mwenzetu Celina akajikata unyayo kwa jembe. Tukamnyunyizia unga ule ule, kama ilivyo desturi yetu, lakini kidonda hakikusikia dawa. Hospitali walimdunga sindano, wakaja pia kuchota udongo. Mtaalamu akatueleza kwamba vijidudu vya humu vimeonjeshwa dawa kidogo kidogo mpaka vimekuwa sugu. Tulicheka, maana sugu tuliyoijua ni hii ya viganjani. Celina alikatwa mguu chini ya goti, na kicheko kile kinatuuma mpaka leo.

TULICHOFANYA
Kuku hawapewi tena rangi mbili. Mbolea inaozeshwa shimoni kwanza. Asiye na mabuti hagusi jembe, na mkaguzi ni Celina mwenyewe, mkongojo kwapani. Mwenyekiti wetu, Ndugu Bakili, alikuja na kandambili akarudishwa nyumbani mbele za watu.

TUNACHOOMBA
Tunaomba bomba la maji safi. Tunaomba bwana mifugo atutembelee, na vidonge visiuzwe kimoja kimoja kama karanga.

Tena tumesikia fununu kuwa umekuja na amri ya kulifunga bonde. Kulifunga hakutaviua vijidudu. Mto Msimbazi ukifurika, udongo huu utafika vibarazani mwa watu. Afadhali tubaki tuusafishe. Tulimuuliza Celina kama tuhame, kwani yeye ndiye mwenye haki ya kuichukia ardhi hii. Alijibu, "Mkihama, mguu wangu umekwenda bure."

Kwa hiyo hatuhami, Ndugu Mgeni Rasmi. Vijidudu ni sugu, na sisi ni sugu.

Mungu akupe afya, akurudishe nyumbani na nyayo zako zote mbili. Mabuti yako yapo pale, kwa Celina.

Ni sisi,
Wanaushirika wa Mchicha, Bonde la Jangwani.
Msomaji: Sitara Awadhi.