Mfuko Uliotangulia Kufika na Mwenzetu Aliyebaki Gatini

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa kampuni yetu ya meli. Nahodha na maafisa wako. Wakubwa wa bandari. Na ninyi abiria mnaotusubiri tumalize ndipo mpande:

Kabla ya yote tunaomba tukusimulie anachodai jirani yetu. Ni fundi cherehani, kibanda chake kimepakana na chumba chetu cha kubadilishia nguo hapa bandarini. Anadai alisafiri na meli hii kwenda kumwona dada yake. Njiani alikula, akatia makombo kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga kwa utepe mwekundu wa dukani kwake, akauachia majini taratibu. Aliporudi akaukuta mfuko uleule kwenye mawe nyuma ya kibanda chake, utepe haujafunguka.

"Umenitangulia," anasema, "na nauli haukulipa."

Sisi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mmoja wetu tu hakucheka. Alimuuliza, "Kaka fundi, kwani uliufunga wa nini?"

"Dada yangu, ningemwagaje makombo ovyo kama mtu asiye na kwao? Nilifunga vizuri."

Mgeni rasmi, maneno hayo ndiyo yaliyotuleta mbele yako.

MAKARIBISHO

Karibu sitaha ya chini. Wageni wengi huishia ngazini, kwa hiyo umetupa heshima. Inamisha kichwa hapo kwenye bomba. Hata nahodha hujigonga. Tunajua umekuja kuzindua mapipa mapya ya taka, na tumeyaona. Yana mifuniko, na mifuniko inafunga. Asante sana.

TULIKOTOKA

Sisi ni wasafishaji na wapishi wa meli hii. Zamani kazi yetu ilikuwa kufagia tu. Uchafu ukishavuka ukingo wa meli hatukuuliza unakwenda wapi. Aliyeuliza ni huyo mwenzetu ambaye hakucheka. Abiria humwita Dada Debe, kwa sababu hutembea na debe la taka ubavuni kama mtu aliyebeba mtoto.

Baada ya maneno ya fundi alikosa raha. Akifagia anatazama maji. Akila anatazama maji. Siku moja bahari ilichafuka, na ndoano inayoshikilia mlango wa chumba cha taka ikakatika. Mlango ule hatujawahi kuufunga. Hukaa wazi siku zote, umeegemea ukuta. Ulipojifunga, Dada Debe akaona nyuma ya mlango huo tangazo la sheria za taka baharini, jipya kabisa, rangi haijapauka. Miaka yote lilikuwa limeelekezwa ukutani.

Lilikuwa na picha na maneno ya kigeni. Akamfuata afisa wa sitaha, akamwomba amsomee. Afisa akaacha chai yake, akaja, akamsomea mstari kwa mstari. Plastiki haitupwi baharini mahali popote, iwe karibu, iwe mbali. Mafuta ya kupikia vilevile. Mabaki ya chakula yanaweza kumwagwa, lakini yakiwa peke yake, meli ikiwa mbali na nchi kavu, tena kwa idhini ya afisa.

"Peke yake maana yake nini?" akauliza.

"Bila mfuko."

Dada Debe akalitazama debe lake. Kisha akasema, "Basi tumekuwa tukikosea kwa adabu."

Ni kweli, mgeni rasmi. Abiria wetu si wachafu. Wanafunga. Wanapiga fundo mara mbili ili chakula kisitawanyike, halafu wanatupa. Hata sisi wa jikoni tulikuwa tukifunga, na tuliosahau kufunga tulikaripiwa.

TULIYOFANIKIWA

Dada Debe alianza kupita kwenye mabenchi meli inapong'oa nanga. Hakuhubiri, aliuliza. "Mama, huo mfuko unadhani utazama?" Mama mmoja akamjibu, "Utaliwa na samaki." "Na samaki ataliwa na nani?" Mama akautazama mfuko, akamtazama yeye, akasema, "Binti, lete hilo debe lako, usiniharibie hamu ya kula." Watu wakacheka, na mifuko ikaanza kuja yenyewe. Wazee walikuwa wakimwita, "Dada Debe, leo hujatuuliza kitu." Jikoni tukaacha kufunga mabaki. Madebe yakajaa.

YANAYOTUKWAZA

Kwanza, tukifika gatini hatuna pa kuyamwaga hayo madebe. Tunaomba wakubwa wa bandari wasituangalie hivyo, tunasema tu.

Pili, meli ni kubwa na sauti ya mtu mmoja haitoshi. Kwa sababu hiyo Dada Debe aliomba kipaza sauti, na afisa akamruhusu. Alizungumza vizuri. Abiria walikuwa kimya, hata watoto. Kisha akaona mfuko unaelea, akasema, "Msiniamini mimi. Tazameni kule kulia."

Wakatazama, mgeni rasmi. Wote. Walinyanyuka na mizigo yao wakajazana upande wa kulia, wa nyuma wakiwasukuma wa mbele, "Uko wapi? Mbona siuoni?" Meli ikainama. Haikuinama sana, lakini birika la nahodha liliteleza mezani, na nahodha naye akafuata. Hakuna aliyeumia. Nahodha alikuwa na haki ya kukasirika, na Dada Debe mwenyewe alimwambia hivyo. Siku hiyo hiyo akateremshwa melini. Sasa anafagia ghala la magunia hapa gatini. Meli ikiondoka husimama mlangoni, fagio mkononi, mpaka isionekane.

Tangu ateremshwe, mifuko imeanza tena kuruka. Sisi tunajaribu kuuliza kama yeye, lakini tukiuliza sisi abiria wanadhani tunawasuta.

TUNAYOOMBA

Tunaomba tangazo lihamishwe, libandikwe karibu na mabenchi, kwa lugha tunayozungumza. Tunaomba bandari itutengee pa kumwaga taka. Tunaomba tangazo la kipaza sauti kila safari, na atakayetangaza aanze kwa kusema, "Kaeni mlipo."

Mungu akupe afya, akulinde safarini, na kila uendako upokewe kwa uso mkunjufu kama tulivyokupokea.

Limebaki ombi moja, tumeliweka mwisho kwa sababu ndilo zito. Dada Debe yupo hapa. Amesimama kule nyuma gatini, karibu na kamba, bila fulana ya kazi maana alivuliwa. Hakututuma tuseme. Ameomba ruhusa ghalani ya kuja kutazama mapipa tu. Ukishamaliza kuzungumza abiria watapanda na meli itang'oa nanga, na ngazi bado haijavutwa.

Mgeni rasmi, tunaomba utuambie: apande?

Ni sisi,
Wasafishaji na Wapishi wa Sitaha ya Chini.