Mwalimu Aliyeulizwa Mtoto Wake Yuko Wapi

Padri wetu, mashehe mliokuja pamoja na jamaa zangu, majirani wa Mbugangari, walimu wa Nyakiriba, wakulima mlioteremka asubuhi hii kutoka Mudende, na ndugu zetu mliovuka mpaka kutoka Goma, ukoo umenipa mimi Rayhana, mke wa Nshuti ambaye ni kaka wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya wifi yangu, nami nitayasoma kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha inayotukutanisha sote hapa, na ndiyo aliyokulia ndani yake.

Xavérine Mukamusoni alizaliwa tarehe 9 Juni 1968 huko Karagwe, Tanzania, mtoto wa tatu wa wazazi wakimbizi, baba yake akilima migomba katika ardhi ya kuazima, na mwenyewe alipenda kusema kwamba alijua thamani ya udongo kabla ya kujua kusoma, kwa kuwa udongo wenyewe haukuwa wao. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Karagwe kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akamaliza sekondari Bukoba mwaka 1986, kisha akaenda chuo cha kilimo cha Ukiriguru, Mwanza, akatoka na cheti chake mwaka 1990, akafundisha Biharamulo hadi alipoingia Rwanda na wazazi wake Agosti 1995, nchi aliyokuwa akiisikia tu katika nyimbo za mama yake, na Januari 1996 akapangiwa kufundisha kilimo katika sekondari ya kijijini ya Nyakiriba.

Huko Nyakiriba, kitu cha kwanza kilichomuudhi ni kitabu cha kufundishia, maana kilitaka watoto wajifunze kupanda wakati wazazi wao wanavuna, na katika kurasa zake zote hapakuwa na kiazi hata kimoja, ilhali watoto waliokaa mbele yake walikuwa wamekula viazi asubuhi hiyo, na miguu yao ina udongo wa shamba la viazi. Basi akaanza kutunga masomo yake mwenyewe, yanayofuata mvua na si kalenda ya ukutani, na kila somo lilimrudisha mtoto nyumbani na swali kwa mzazi, mbegu unaichaguaje, mildiou, ule ugonjwa wa ukungu, unaitambuaje kabla majani ya viazi hayajawa meusi, na jibu la mzazi ndilo lililofungua somo la kesho yake, likabishaniwa, likajaribiwa katika shamba la shule, ambako kila mwanafunzi alikuwa na tuta lake. Mwaka 2006 aliingizwa katika timu ya kutunga mtaala wa shule za vijijini, akaifanya kazi hiyo bila kuacha darasa lake, akiamini kwamba wazazi wa Nyakiriba walikuwa watunzi wenzake.

Alifunga ndoa na Onésphore Mbonigaba, dereva, tarehe 22 Agosti 1998 katika parokia ya Gisenyi, mtu mcheshi, mpole, aliyeanza kwa kumpandisha bure kwenye gari la mizigo akitoka kazini, wakajaliwa watoto wawili, Uwase mwaka 2000 na Ganza mwaka 2004. Uwase alipofika umri wa sekondari, mama yake alimwandikisha Nyakiriba, si mjini, majirani wakacheka kuona mtoto wa mjini anapelekwa kusoma kijijini, naye akawajibu, "Siwezi kuwapikia watu chakula ambacho mwanangu haonji."

Ninayoyasoma sasa aliyataka yeye mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, aliniambia, "Wifi, mkifika hapo msiniruke," na shemeji Onésphore ameyasikia jana mbele ya ukoo, akainamisha kichwa, akasema yasomwe.

Mwishoni mwa Julai 2013 marehemu alipelekwa Morogoro kwa mafunzo ya kutunga mitaala, akakaa huko hadi tarehe 23 Oktoba, na kila Jumapili aliongea na watoto kwa simu, akimuuliza Uwase habari za tuta lake la maharage kule shuleni, na Uwase akamweleza jinsi yalivyoota, jinsi yalivyotoa maua, jinsi yalivyoanza kufunga maganda, hata marehemu akawasimulia wenzake darasani kwamba ana binti mwenye mkono wa kupanda. Aliporudi nyumbani hakumkuta Uwase, akaambiwa na mumewe kwamba mtoto alikuwa na homa kidogo, amepelekwa Goma kwa shangazi yake apumzike, naye akaamini, kwa sababu mtu hapimi maneno ya mumewe kama anavyopima mbegu ya dukani.

Jumamosi tarehe 26 ukafanyika mkutano Nyakiriba, wamekuja wageni wenye uamuzi wa kuupeleka mtaala wake katika shule nyingine za vijijini, na walilotaka ni kusikia wazazi tu, Onésphore ndiye aliyempeleka kwa gari, akasimama karibu na mlango. Marehemu aliongea kwa furaha, akakaa, akingoja watu wake waseme, na aliyesimama wa kwanza ni Belise, mama mwenye watoto wawili darasani kwake, anayevusha karoti Goma kila siku, naye yuko hapa leo na amekubali nimtaje.

Belise akasema, "Mwalimu, mi nakuheshimu sana, lakini jembe sisi tunalijua, tunazaliwa nalo, mutoto namutuma shule aache jembe. Na kama hiyo masomo ni muzuri, mutoto yako iko wapi?"

Marehemu akajibu bila wasiwasi, "Uwase anaumwa, yuko Goma kwa shangazi yake."

"Hapana, mwalimu. Mi nilimuona Jumapili, anatoka misa pale mujini na wenzake, amevaa uniforme ya ile shule ya bweni ya watu wa pesa. Tangu mwezi wa nane iko pale. Juu ya nini we unaficha wako, na wetu unabakisha kwa udongo?"

Watu wakaguna, mmoja akacheka, na mzee mmoja wa nyuma akasema polepole, "Bon, kumbe mwalimu alikuwa hajui," na neno hilo la huruma, aliniambia, ndilo lililomchoma kuliko kicheko. Marehemu akageuka kuelekea mlangoni, akauliza mbele ya wote, "Onésphore, mtoto yuko wapi?" na mumewe akatazama chini, akasema, "Tutaongea nyumbani."

Baada ya hapo hakuna mzazi aliyeutetea mtaala, hata wale waliokuwa wakimletea mbegu, wala wale ambao majibu yao yalikuwa yameandikwa ndani ya masomo yenyewe, wageni wakashukuru wakaondoka, na kilimo kikapunguzwa kikawa kipindi kimoja kwa juma, shamba la shule likakatwa nusu. Kabla ya kupanda gari marehemu alizunguka nyuma ya madarasa kutazama tuta la Uwase, akakuta magugu yamefika magotini, hakuna shina la haragwe, na hapo ndipo alipolia, kwa sababu alielewa kwamba hata mtoto alikuwa amefundishwa la kumwambia.

Nyumbani Onésphore alisema, "We unafundisha watoto wa watu, mi nilikuwa na wangu wa kuokoa," naye akamuuliza, "Kumwokoa na nini?" akajibu, "Na hiyo kazi yako." Marehemu hakuondoka katika nyumba hiyo, hakugombana, wala hakumkaripia Uwase hata siku moja, akampelekea sabuni na matunda bwenini kama mama wengine, lakini kuanzia siku hiyo hakuzungumzia tena kazi yake mezani, na mumewe akimuuliza siku imekwendaje alijibu, "Imekwenda."

Uwase alisoma vizuri, leo ni mhasibu Kigali, Ganza anasomea umeme, na marehemu alijivunia wote wawili. Yeye mwenyewe, mwaka 2016, aliomba kuhamia Mudende, akawatungia masomo wakulima watu wazima, watu ambao hawana mtihani wa kuogopa, na mnaotoka huko mnajua wenyewe alichofanya, mmekuja na magari mawili.

Aliugua tumbo mwezi Februari mwaka huu wa 2024, ikaonekana ni saratani, akalazwa hapa Gisenyi na baadaye Kigali, akaomba arudishwe nyumbani mwezi wa nane. Belise alikuja na maziwa, akapiga magoti kando ya kitanda kuomba radhi, marehemu akamwinua, akamwambia, "Inuka, dada, katika mkutano ule wewe ndiye uliyeniambia ukweli." Alituaga Jumamosi tarehe 2 Novemba, alfajiri, akiwa na miaka hamsini na sita.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, walimu wenzake, majirani wa Mbugangari mliopika na kukesha, akina mama wa Nyakiriba mliokuja ingawa njia haikuwa nyepesi kwenu. Shemeji Onésphore, tunakushukuru kwa kumuuguza, wewe ndiye uliyemgeuza kitandani, uliyemlisha uji, uliyemwosha miguu, na hakuna aliye hapa anayeweza kusema hukufanya. Kuhusu lile jingine, ulimwomba msamaha mbele yetu mwezi wa tisa, naye akakutazama, akakushika mkono, akanyamaza, na sisi hatuna mamlaka ya kulisema neno ambalo yeye hakulisema.

Xavérine, wifi yangu, umefundisha ukachoka, lala sasa, upumzike kwa amani.