Fundi Klementi Mbonde na Safu Tatu za Mlangoni

"Marumaru yangu ikibanduka hata moja, siku ya mazishi yangu semeni nilikuwa muongo." Hayo aliyatamka marehemu Klementi Mbonde baada ya misa ya Jumapili, tarehe 7 Agosti 2016, mbele ya kigango chote cha Somanga, siku alipokabidhi sakafu mpya ya kanisa hili. Zilibanduka thelathini na moja. Familia inatimiza agizo: alikuwa muongo. Tuendelee.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 huko Kipatimu, mtoto wa tatu wa mzee Stefano na bibi Apolonia. Alimaliza darasa la saba mwaka 1983, japo mwalimu wake aliapa hakuwahi kumwona amekaa.

Mwaka 1989 alijifunza ufundi kwa fundi Huseni wa Mitwero, Lindi. Tangu hapo, kila nyumba aliyoingia aligonga sakafu kwa kidole asikie kama chini kuna uwazi, hata kabla ya kuitikia shikamoo. Alifunga ndoa na Antonia tarehe 22 Oktoba 1994. Alipoinama madhabahuni, wakwe walidhani analia kwa furaha. Alikuwa anagonga.

Sasa kosa lenyewe. Kwa miaka ishirini akina mama waliing'arisha sakafu ya niru, ile saruji laini ya kanisa hili, kwa nta nyekundu na makumbi ya nazi. Fundi akaona inameta, akasema ni safi. Hakuikwaruza. Gundi ya dukani aliiita uji wa wavivu, akakoroga saruji yake.

"Baba Agnes, unabandika marumaru kwenye mafuta," mkewe alimwonya.

"Mama Agnes, kapike."

Akapika. Marumaru nazo zikaanza kuinuka.

Figo zilimwanza mwaka 2023. Aliambiwa alale, akarudi hapa na tindo. Akabandua zote, akachokoa niru mpaka sakafu ikajaa makovu, akaosha vumbi, akasubiri ikauke, kisha akapaka gundi ya dukani kwa mwiko wenye meno. Kusubiri kulimtesa kuliko figo. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, zikiwa zimebaki safu tatu za mlangoni. Neno lake la mwisho kwa bintiye Agnes: "Msinimalizie kwa saruji."

Ameacha mjane, Antonia, watoto wawili, Agnes na Jonas, dada yake Cecilia, na wajukuu wanne. Apumzike sasa, ingawa hajazoea.

Pale mlangoni tumeshakwaruza, mtapaona mkitoka. Mfuko wa gundi, kilo ishirini, hapa Somanga ni shilingi elfu ishirini na mbili.