Irudi kwa Mtumaji

TARISHI: Haloo? Nani huyo ananitoa kwenye blanketi mchana kweupe?

BINTI: Ni mimi, baba. Shikamoo.

TARISHI: Marahaba. Simu inakwaruza.

BINTI: Inayokwaruza ni sauti yako. Baba, nimepata bahasha hapa kazini, dirisha la dawa.

TARISHI: Imefika? Siku tatu tu. Posta wanajitahidi siku hizi.

BINTI: Ndani mna vidonge vyako vya tezi ya shingo. Juu umeandika kwa wino mwekundu, "Hakuna jibu. Irudi kwa mtumaji."

TARISHI: Muhuri unasomeka?

BINTI: Kwani ulistaafu na muhuri wa ofisi?

TARISHI: Ulinifuata wenyewe. Sikiliza, nimekuwa tarishi miaka thelathini na moja. Barua ikikaa siku kumi na nne bila jibu, inarudi. Nimemeza siku kumi na nne. Baridi ileile, usingizi uleule, miguu –

BINTI: Daktari alisema wiki sita.

TARISHI: Mbona ile ya pumu nikivuta mara mbili, kifua kinafunguka kabla sijarudisha kifuniko?

BINTI: Ile ni barua ya dirishani. Seli ina vipokezi nje, ukutani. Dawa inagusa kipokezi, yenyewe haiingii. Walio ndani ndio wanaokimbizana na ujumbe. Homoni ya kushtuka nayo inapita hapohapo. Mbwa akikubwekea –

TARISHI: Moyo unaruka papo hapo. Nimefukuzwa na wengi.

BINTI: Sasa homoni ya tezi haiishii dirishani. Inaingia mpaka kwenye kiini, kipokezi chake kimekaa huko, juu ya majalada, yaani jeni. Yakifunguliwa, seli inaanza kutengeneza vitu vipya. Hiyo kazi inakwenda taratibu.

TARISHI: Aa. Kwa bosi.

BINTI: Kwa bosi.

TARISHI: Huko nakujua. Unaacha karatasi mezani, ukirudi mwezi ujao unaulizwa wewe nani.

BINTI: Na wewe umeichomoa mezani. Moyo wako ukichoka, baba, huo hauna posta ya kuurudisha.

TARISHI: Basi vitume tena.

BINTI: Utameza?

TARISHI: Nitameza. Ila ungevileta mwenyewe.

BINTI: Hapa kuna foleni.

TARISHI: Najua. Kila nikiuliza kuna foleni. [simu inakwaruza] Ile barua yangu ya mwaka juzi, ilifika?

BINTI: Baba –

TARISHI: Nauliza kikazi tu. Haikujibiwa, na haikurudi. Kwa kanuni ilitakiwa –

BINTI: Mtu wa siku kumi na nne umesubiri miaka miwili?

TARISHI: Ile niliiandika mimi. Niliandika kwamba kukufukuza mbele ya majirani, nili–

BINTI: Najua ulichoandika. Imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

TARISHI: Kumbe inafunguliwa.

BINTI: Haikuishia dirishani.

TARISHI: Ilikwenda kwa bosi.

BINTI: Ndiyo. Na huko kunachukua muda, nimekwambia. Baba, salio linakwisha. Jumamosi zamu yangu inaisha saa sita mchana.

TARISHI: Kwa hiyo niwasubiri posta saa ngapi?

BINTI: Usisubiri posta. Mlango wa mbele bado unakwama?

TARISHI: Unakwama. Usukume kwa bega, kama za–

[Simu imekatika.]