Mdomo Uliotazama Dari

Yah: Ubadilishaji wa Mdomo wa Bomba la Hodhi la Kuogea, Nyumbani kwa Bwana Telesphor, Nsemulwa, kwa Nguvu za Wananchi.

Hivyo ndivyo Telesphor alivyofungua ajenda asubuhi ile ya Ijumaa, na wananchi wenyewe walikuwa wawili, ukimwongeza Pudensiana muuza kahawa watatu. Kijiwe chao ni taruma la reli, la mbao, lililolazwa juu ya mawe mawili kwenye kona, jirani na jiko la Pudensiana. Lilitokaje relini hadi pale, hilo ni jambo ambalo kijiwe kimekubaliana kutolijadili. Kulia hukaa Luhende, anayeitwa Mhandisi kwa sababu barabara ya lami ilipokuwa ikijengwa alipewa bendera nyekundu ya kusimamishia magari. Kushoto hukaa Didace, anayeitwa Redio, na sababu yake mgeni huijua kabla kikombe hakijapoa. Katikati ni Telesphor mwenyewe, yaani Masjala, mstaafu wa ofisi moja ya serikali ambako kazi yake ilikuwa kufungua majalada ya mambo ambayo wenzake walikuwa wameshayasahau. Mpaka leo akimtuma mtu chumvi kwa jirani humwambia aanze na "rejea mazungumzo yetu".

Mapajani alikuwa na kitu kimeviringishwa kwenye gazeti. Akakifunua kwa heshima. Ulikuwa mdomo wa bomba, mpya, unaong'aa, umejipinda kama shingo ya bata.

Tatizo alilieleza kwa kirefu, lakini kwa ufupi lilikuwa hivi. Mdomo ule huzungushwa kwenye bomba linalochungulia ukutani juu ya hodhi, ambalo mtaani huitwa sinki. Ukiuzungusha mpaka ukaze, unaishia kutazama dari. Ukiurudisha nyuma utazame chini, kama mdomo wenye adabu, unalegea, na maji yanatokea nyuma yake yakitiririka ukutani. Tangu Jumatatu Telesphor alikuwa ameufunga na kuufungua mpaka mkewe, Yustina, akahamishia miswaki jikoni.

Angeweza kumwita fundi. Lakini Jumatatu hiyohiyo, palepale kwenye taruma, alikuwa ametangaza kwamba mtu aliyetunza siri za serikali hashindwi na kitu cha kuzungusha. Sasa fundi akiitwa, atapita kwenye kona hii na spana yake, na kona ina macho.

Sinki lenyewe lilikuwa na historia. Alilinunua kutoka nyumba ya wageni iliyokuwa inafungwa, likaletwa kwa mkokoteni huku mtaa mzima ukisindikiza, na hadi leo wanaliita sinki la kulala. Ukweli ambao Telesphor hakuwahi kuuleta kijiweni ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kulala humo. Maji ya bomba huja yanapotaka, kwa hiyo sinki lilijazwa yakija, na familia ikachota humo kwa kopo na kuoga pembeni, wima, kama zamani. Mwaka mmoja waliloweka humo mbegu za mpunga. Hata mdomo wa zamani haukufa kwa uzee. Ulivunjika kwa sababu Telesphor alikuwa na mazoea ya kuutundikia ndoo.

Yote hayo yangevumilika kama si kipaza sauti. Kwenye harusi ya Agape, binti yake, Telesphor alipewa nafasi ya kusema machache. Akawaambia wakwe zake wa Usevya, watu wa ng'ombe na mpunga, kwamba siku Mama Mabula, mama wa bwana harusi, atakapofika Nsemulwa, hataoga kwa kopo. Ataoga amelala, kama waziri. Mshereheshaji akairudia mara mbili, na kijana wa muziki akaweka vigelegele vya mashine.

Mama Mabula alikuwa anakuja kesho.

– Mimi nimeshalifanyia utafiti, alianza Mhandisi. Fundi aliyeweka hilo bomba alikuwa anatumia mkono gani?

Telesphor hakukumbuka.

– Ni wa kushoto. Bomba limefungwa kwa mkono wa kushoto, wewe unaleta mdomo wa mkono wa kulia. Haviwezi kuelewana, bana.

Redio alisema mkono hauhusiki. Yeye alikuwa na habari za uhakika, kutoka kwa mtu ambaye shemeji yake anauza vifaa vya ujenzi, kwamba midomo hii hutengenezwa ya aina mbili: ya kuta zinazotazama mashariki na ya kuta zinazotazama magharibi. Dukani wanaichanganya makusudi. Akauliza bafu la Masjala linatazama wapi. Wakageuka wote kuitazama nyumba, ambayo kutoka pale ilionekana bati tu, wakabishana kuhusu jua linachomoza wapi mwezi huu.

Jana yake walikuwa wamefanya ukaguzi. Kamati yote, wanaume watu wazima watatu, iliingia ndani ya sinki na viatu vyake, kwa kuwa Mhandisi alisema bomba halikaguliwi kwa mbali. Walipochuchumaa ili waone vizuri, ilibidi wanyanyuke kwa zamu, huyu akimshika huyu. Yustina aliwatazama kidogo, akafunga mlango polepole, kama mtu anayefunga banda.

– Nyie hamjafika kwenye kiini, alisema Mhandisi, na sauti yake ikashuka kama ya mtu wa usalama. Reli inaishia wapi?

– Hapa Mpanda, alijibu Redio.

– Treni ikitoka Tabora inatikisa ardhi njia nzima. Huo mtikisiko ukifika hapa unakwenda wapi? Reli imekwisha. Hauna pa kuendelea. Unaingia kwenye kuta za watu. Bomba la Masjala limezunguka lenyewe ukutani, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Mdomo hauna kosa. Ukuta ndio umehama.

Telesphor aliona aibu, maana hoja ile ilimwingia. Aliwaza barua kwa shirika husika, akaanza hata kuitafutia kichwa.

Pudensiana, aliyekuwa akisuuza vikombe, aliuliza kama ni lazima mdomo utazame chini. Akasema wauache utazame juu, maji yapige dari yamwangukie mama wa watu kichwani, na waseme ni bafu la mvua. Redio alicheka mpaka akamwaga kahawa. Telesphor hakucheka. Usiku alikuwa amelifikiria jambo hilohilo, na alilifikiria kwa dhati.

– Maji yenyewe yatauinamisha, alisema Mhandisi. Ng'ombe akiona majani anainamisha kichwa, hafundishwi na mtu.

– Kesho saa sita basi linaingia, alisema Telesphor taratibu. Jamani, niliongea kwenye kipaza sauti.

Hapo ndipo bodaboda iliposimama.

Mama Mabula alikuwa amekaa upande, khanga mbili, ndoo kubwa yenye kifuniko mapajani. Alishuka kwa awamu: kwanza ndoo, kisha mguu mmoja, kisha akapumzika, kisha mguu wa pili akiwa ameshika bega la dereva. Alikuwa mwanamke mkubwa, wa kimo na wa upana. Akawasalimia kwa Kisukuma, na Luhende, ambaye ni Msukuma mwenzake, akaitikia kwa wote.

Alieleza kwamba amepata lifti ya lori la mpunga alfajiri. Ndani ya ndoo kulikuwa na kambale hai aliowaleta zawadi, na kambale hawana subira ya Jumamosi. Pudensiana akampa kigoda. Alikaa akiwa amempa Telesphor ubavu, maneno yake akayaelekeza kwa Luhende, kama adabu ya kwao inavyotaka. Kwao wakwe hawashikani mikono wala hawakai mkeka mmoja, na heshima hupimwa kwa umbali.

Telesphor aliufunika mdomo wa bomba kwa gazeti. Alichelewa. Redio alikuwa ameshaanza matangazo, na kabla mgeni hajamaliza kikombe alikuwa amesikia habari za dari, za mkono wa kushoto, za magharibi na mashariki, na za reli. Alisikiliza yote bila kukatiza, akitazama barabarani.

Telesphor akasimama. Aliondoa kofia, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu alianza bila kichwa cha habari.

– Mkwe, nilikuahidi mbele za watu. Nimeshindwa. Mdomo wa bomba unafungika lakini unatazama juu.

Mama Mabula aliweka kikombe chini.

– Luhende, hebu niulizie kwa mkwe wangu. Humo kwenye sinki mtu anaingia mwenyewe?

– Mwenyewe, mama.

– Halafu analala chali.

– Chali kabisa.

– Na magoti yangu haya. Nikishalala, nani ananinyanyua?

Mhandisi alitazama bendera ya timu iliyokuwa juu ya kibanda cha jirani. Telesphor alipitisha majina haraka, kama zamani alivyopitisha majalada. Yustina hafiki nusu ya uzito wa mgeni. Agape ni mke wa mwana wa mgeni mwenyewe. Hawezi kuingia bafuni akamwona mama mkwe wake katika hali ile. Jirani wa kike aitwe, mtaa mzima utajua kabla ya chakula. Na wanaume waliokaa kwenye taruma lile, hilo halikuwa jina la kupitishwa hata kichwani. Wao wenyewe jana walinyanyuana kwa shida, na walikuwa wamevaa nguo. Wiki nzima walikuwa wamejadili maji yatakavyoingia. Mtu atakavyotoka, haikuwa kwenye ajenda.

– Tangu harusi nimeogopa kuja, alisema Mama Mabula, bado akimwambia Luhende. Mwanangu aliye huku ananiita, naahirisha. Nikipanga safari nakumbuka lile sinki. Nasema, nitazama kwa watu, nitolewe na kamba kama ng'ombe. Leo nimekuja kwa sababu nimewakumbuka watoto.

Telesphor alikaa. Akajikuta anauliza kambale ni wangapi na kama wanahitaji maji mengi.

– Mengi, alisema Mama Mabula, na safari hii alimgeukia kidogo, kiasi cha heshima. Una chombo kikubwa, mkwe?

Pudensiana aliinamisha birika. Kahawa ilikuwa imekwisha, yakatoka machicha tu.

Mama Mabula alioga uani, kwa ndoo na kopo, maji ya moto aliyochemsha Yustina, na akakaa mpaka Jumatano. Kambale waliwekwa kwenye sinki, wakalala humo mpaka Jumapili walipoliwa. Mdomo ulifungwa ukakazwa, na ulitazama dari.